Mswaki wa Umeme, Meno ya Magadi

Zamani kununua mswaki halikuwa jambo la kuitisha kikao. Unasimama dirishani kwa mangi, unasema nipe mswaki, mangi anauliza mgumu au laini, unajibu wowote, anakupa wa bluu kwa sababu mwekundu umekwisha, mmemalizana. Rangi nayo ilikuwa na kazi moja tu: kwenye kopo la bafuni watu sita wasichanganyiane mate. Mswaki ukichakaa ulihamishiwa kwenye kola za mashati ya shule, ukichakaa zaidi ukapelekwa kwenye viatu, ukastaafu kwa heshima. Hakuna aliyeuliza betri yake inakaa muda gani.

Siku hizi mswaki una betri, una chaja, una dhamana ya miaka miwili, una kijitabu cha maelezo ambacho Kifini kimo, Kiswahili hakimo. Na mtu mzima, baba wa watu, anajilaza kitandani na miwani puani akisoma tofauti ya mswaki unaozunguka na mswaki unaotetemeka. Mtu huyo ni mimi, na sikuomba.

Aliyeanzisha haya yote ni daktari wa meno mmoja wa mjini. Nilimwendea kwa ajili ya fizi, ambazo zilikuwa na tabia ya kutoka damu asubuhi na kuchafua sinki analolisafisha mama watoto, na huyo ndiye aliyenilazimisha niende. Daktari akanilaza kwenye kiti, akachungulia na kile kioo chao kidogo, akauliza, "Mzee, huwa unapiga mswaki au unapiga randa?"

Kijana wa Pwani yule. Ana meno meupe ya kuzaliwa nayo, hajui kwamba sisi wenye meno ya kahawia tunapiga mswaki kwa hasira. Tangu darasa la kwanza, kila mwalimu mgeni aliyehamishiwa kwetu alitupanga mstarini, akatukagua meno, akatuuliza kama nyumbani hakuna dawa ya meno. Ukiulizwa hivyo utoto wako wote, mkono unaongeza nguvu wenyewe.

Akaniambia shingo za meno zimeanza kulika na fizi zimerudi nyuma. Nitafute mswaki laini kabisa, nisugue taratibu, mviringo mdogo mdogo. "Na ukishindwa kupunguza mkono," akaongeza huku ameshaanza kuandika risiti, "kuna ile ya umeme, ina taa inayowaka nyekundu ukikandamiza." Hivyo tu, tena kwa sauti ya mtu anayewaza mgonjwa anayefuata. Lakini mpaka habari inafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ilikuwa imeshageuka kuwa "daktari kamwandikia mswaki wa umeme," na chini yake mikono mitatu ya kuomba dua.

Jioni hiyo ukoo mzima ukawa bingwa wa meno. Shemeji wa Mwanza akasema wa kuzunguka ndio wenyewe. Binamu wa Dodoma akasema wa kuzunguka unachimba, tafuta wa kutetemeka. Baba mdogo, ambaye meno yake ya mbele yalikwenda siku nyingi, akasema cha muhimu ni betri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuumiliki.

Basi nikaanza kusoma, maana mtu akitishia kukununulia kitu ni vizuri ujue anakuletea nini. Koo ni mbili. Mmoja una kichwa kidogo cha duara kinachojipinda kulia na kushoto bila kumaliza mzunguko. Hiyo ndiyo njia ya Oral-B, waliyoianza na Braun mwaka 1991. Mwingine una kichwa kirefu, umbo lile lile la mswaki wa dukani kwa mangi, ila kinatetemeka kwa kasi ambayo jicho halioni. Sonicare ndiyo iliyoupa jina, ilitoka Marekani mwaka 1992 na sasa iko chini ya Philips. Boksi lake linajisifu kwa misuguo 31,000 kwa dakika. Sijui nani alihesabu. Kwa mkono wangu, hata nikiwa nimekasirika, nikipata mia nne nimejitahidi.

Babu wa koo zote mbili ni Broxodent, uliobuniwa Uswisi mwaka 1954. Huo haukuwa na betri. Unauchomeka ukutani, umeme unakuja na waya mpaka kwenye mpini, mpini uko mkononi, mkono umelowa, mdomo umejaa mapovu. Nilisoma habari hiyo nikalitazama bafu langu, ambalo sakafu yake haijawahi kukauka tangu tuhamie, nikaona bora nilivyochelewa kuzaliwa.

Hapa kwetu Kiboriloni, Moshi, kitu kikihitajika, kwanza kinatafutwa sokoni. Kwa asiyetujua, hili ndilo soko la mitumba. Watu wanashuka kutoka Old Moshi na Marangu, wanakuja kutoka Himo na Rombo, kuja kupindua marobota. Sauti za wauzaji unazisikia kutoka barabara kuu ya kwenda Himo. Pembeni ya nguo kuna meza za vyombo, na meza hizo mimi nazipenda kuliko nguo: vikombe vya harusi za watu wa Ujerumani, fremu zenye picha za mbwa wasiojulikana, mashine za kukaushia nywele, saa za ukutani zilizokataa kwenda. Kati ya pasi ndogo na simu ya mezani nikauona. Mpini mweupe, mnene, una kitufe kimoja, juu una kisumari cha chuma kinachotokeza.

"Hiyo ni mashine ya kuondoa makunyanzi, mzee," akasema kijana wa meza. "Mama anapitisha hapa na hapa. Elfu tano tu."

Akabonyeza. Ukatetemeka. Waliokuwa karibu wakasogea. Akaupitisha shavuni mwake mwenyewe, akafumba macho, akasema unasikia raha. Mimi nikauchukua, nikasogeza miwani, nikatazama pale kisumari kinapoingia kwenye mpini. Palikuwa na pete nyeupe imekauka, ngumu. Ilikuwa dawa ya meno. Mtu fulani huko Ulaya alipiga mswaki, akasukutua, akauweka huu kwenye mfuko wa msaada, na povu lake likavuka bahari likapanda mlima mpaka Kiboriloni.

"Kijana," nikamwambia, "huu ni mswaki."

Akajifuta shavu haraka. Akautazama. Akanyamaza kidogo, nadhani akipima hasara. Kisha akasema, "Basi kama ni mswaki wa umeme, mzee, ni elfu kumi na tano."

TBS, shirika letu la viwango, walishapiga marufuku nguo za ndani za mtumba, na wakazipiga kwa sababu za kiafya zinazoeleweka na kila mtu, hata na wanaoendelea kuziuza. Naamini aliyeandika katazo hilo alikaa, akafikiria sidiria, akafikiria soksi, akaona amemaliza. Mswaki haukumjia akilini. Na ni kweli, utasema nini? Nani angefikiria?

Nikahamia kwenye maduka ya Instagram ya Kariakoo, yale yanayotuma mikoani kwa basi. Huko shida si kuona pete za povu, shida ni kuona bei. Picha ipo, msichana anacheka yupo, sifa zipo na nyota zake, bei njoo inbox. Unakwenda inbox unaamkiwa "habari mpendwa," unaulizwa uko mkoa gani, unajibu Kilimanjaro, na bei inakuja ikiwa imeshasikia kwamba huku kuna wenye hela. Mswaki mmoja ulikuwa na namna tano za kufanya kazi: ya kusafisha, ya kung'arisha, ya kukanda fizi, ya meno yanayouma na baridi, na ya tano sikuielewa ila ilikuwa na picha ya almasi. Mdomo wangu ni mmoja. Siwezi kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri nikaanza kuchagua leo nijisikie vipi.

Na wote, wa bei ya chini na wa bei ya kuuza mbuzi, wanakutana kwenye ahadi moja: meno meupe ndani ya siku chache. Hapo ndipo ninapotaka kusimama, maana mimi nimezaliwa Kibosho.

Wenzetu wa mikoa mingine wanadhani sisi wa Kilimanjaro na Arusha hatupigi mswaki, au tunavuta tumbaku tangu utotoni, au ni kahawa tunayoilima. Kahawa tunaiuza, jamani, ni wachache wanaoinywa. Rangi hii ni floraidi. Floraidi kidogo ni dawa, ndiyo maana imo kwenye Whitedent na kwenye Colgate, inaimarisha jino. Ikizidi wakati jino la mtoto bado linaumbwa ndani ya ufizi, lile gamba la juu la jino linatoka na kasoro: linaota lina mawingu ya chaki, halafu miaka inavyokwenda mawingu yanakuwa kahawia. Mtoto akifika kama miaka minane, meno yake ya mbele yameshahukumiwa. Kwa hiyo doa halikai juu ya jino. Doa ni jino lenyewe. Unaweza kulisugua na mswaki, na mkaa, na mchanga wa mtoni kama walivyofanya wenzangu wa darasa la sita, utakachokiondoa ni jino.

Chanzo kinachojulikana zaidi ni maji. Ardhi yetu ni ya volkano, na maji yakipita kwenye miamba hiyo yanatoka na madini yake. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia mpaka 4, kwa sababu ungeanza kufunga visima ungefunga na vijiji. Pale Ngurdoto, Arumeru, kuna kituo cha serikali ambacho kazi yake ni kutafuta namna ya kuiondoa floraidi kwenye maji, na njia wanayojulikana nayo ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Msomaji wa Dar es Salaam anayelalamikia chumvi ya kisima chake na aendelee, simzuii.

Ila Kibosho tumewachanganya hata wataalamu. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliolinganisha meno ya vijana wa sehemu tatu: Chanika, iliyo chini karibu na usawa wa bahari, Rundugai, kule tambarare ya Hai ambako maji yana floraidi nyingi, na Kibosho, juu mlimani zaidi ya mita 1,400, ambako maji yanashuka kutoka msituni yakiwa na floraidi ya kuhesabika kwa sifuri nukta. Chanika meno safi. Rundugai meno yameharibika, kama ilivyotarajiwa. Na Kibosho? Yameharibika sawa na Rundugai. Maji masafi, meno mabovu. Washukiwa wakabaki wawili: mwinuko wa mlima, na magadi.

Kwa mwinuko sina la kusema, siwezi kuuhamisha mlima. Magadi nayajua. Ni yale mawe ya kijivu yanayouzwa kwa mafungu sokoni, unavunja kipande unatupia kwenye sufuria ya maharage, kwenye makande, kwenye kiburu, na maharage yaliyokuwa yamekaza shingo yanalainika. Floraidi imejaa humo, na inatofautiana fungu na fungu. Mtoto wa mlimani anaanza kulishwa vyakula vya magadi kabla hajaota jino la kwanza. Siku moja nilimweleza mama yangu habari hizi zote, taratibu, kwa heshima, nikataja na mwaka. Alikuwa jikoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, huku anavunja magadi.

"Haya ndiyo yanayoivisha maharage kabla ya jua kuzama," akasema. "Huo utafiti wako unaleta kuni?"

Kwa hiyo mtu akiniuzia mswaki wa kung'arisha, ananiuzia ubishi na magadi ya mama yangu, na mama yangu hajawahi kushindwa. Mashine inayopiga misuguo 31,000 kwa dakika itanitolea ukoga, itanitolea mabaki ya ndizi nyama, itatoa doa la chai. Rangi ya Kibosho itaikuta palepale. Wanaotaka kuibadilisha wanakwenda kwa daktari kuikwangua kitaalamu au kuifunika jino kwa jino, na gharama yake unajenga choo cha nje. Boksi la mswaki halisemi hivyo. Boksi lina msichana anayecheka.

Nilikuwa nimeshaamua kununua mswaki laini wa mangi na kujifunza upole ukubwani. Lakini Desemba ikafika.

Desemba yetu inajulikana nchi nzima. Mabasi yanajaa, magari ya Dar yanapanda mlima usiku kucha, kila kihamba kinafunguliwa madirisha, mbuzi wanaingiwa na wasiwasi. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka huo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayeishi Uingereza, akaja na mabegi mawili, na katika moja kulikuwa na boksi jembamba lenye utepe. "Anko, daktari alikuandikia huu, nimeuona kwenye kundi." Ungemkatalia vipi mtoto wa dada yako mbele ya ndafu?

Ulikuwa wa duara, wenye taa ya kukandamiza, wenye kila kitu. Wakanisimamisha uani, watu wa ukoo wamenizunguka na vikombe vya mbege, nikawasha. Taa ikawa nyekundu kabla sijafika jino la pili. Nikapunguza mkono, ikazima. Nikasahau, ikawaka. Ule mswaki unanguruma kila baada ya nusu dakika kukuhamisha robo nyingine ya mdomo, na unamaliza kwenye dakika mbili, na dakika mbili ni ndefu sana mtu akiwa anatazamwa na shangazi zake. Niliposukutua, shangazi mkubwa akaniomba nicheke. Nikacheka. Akanisogelea, akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga.

"Mbona ni yaleyale?"

Mpwa akasema tusubiri programu ya simu. Maana huu mswaki unaongea na simu. Simu inakuchorea ramani ya mdomo, inakuonyesha umeruka gego lipi, inakupa alama na kukupongeza. Tulipoiweka ikaomba ruhusa ya kujua niko wapi. Nipo bafuni. Kuna mtu anahitaji kulijua hilo? Mwanzoni mwa 2024 gazeti moja la Uswisi liliandika kwamba wahalifu wa mtandaoni wameteka miswaki ya umeme milioni 3 na kuitumia kuangusha tovuti ya kampuni. Dunia ikacheka na kuogopa kwa pamoja. Baadaye Fortinet, kampuni ya usalama wa mtandao iliyotajwa kwenye habari hiyo, ikasema ulikuwa mfano tu, haikutokea. Sawa. Lakini mswaki wa mangi haujawahi hata kutolewa mfano. Programu nikaifuta mpwa alipopanda ndege.

Chaja ndiyo ilinifikisha kwa fundi. Ni kikombe kidogo cha plastiki, mswaki unasimama juu yake bila chuma kugusa chuma, umeme unapita kwa sumaku ya koili mbili, moja kwenye kikombe na nyingine ndani ya mpini. Nilipenda hilo, sikatai. Lakini mwisho wa waya kulikuwa na plagi ya pini mbili za mviringo. Uingereza hawaruhusu soketi ya kawaida karibu na bafu, wanaweka soketi maalumu ya mashine za kunyolea, na miswaki ya kule imetengenezwa iingie humo. Sasa fikiria. Mwingereza ndiye aliyetuachia soketi ya pini tatu, hata baada ya kuondoka tukaitunza, tukaijengea nyumba. Miaka sitini na kitu baadaye ananiletea mswaki usioingia humo. Mama watoto akaleta kalamu ya kuzibua tundu la juu, tukasukuma, pini zikakataa, ni nene kidogo kuliko zile za chaja za simu. Fundi wa pale stendi ndogo akaikata, akafunga plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, inayotosha pasi. "Sasa hii hata mlima unaupigia mswaki, mzee wangu," akasema. Nikamlipa. Angalau mpwa haishi Marekani: umeme wao ni volti 120, wetu 230, na chaja nyingine za huko zikionja 230 zinakufa bila kuaga.

Haki ya mtu mpe, hata kama ni mashine. Wale wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti za tiba na kuzipima upya, walikusanya tafiti 56 za miswaki mwaka 2014, na wakakuta wanaotumia ya umeme baada ya miezi mitatu wana ukoga pungufu kwa asilimia 21 na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11 kuliko wa mkono. Fizi zangu na zenyewe zimetulia; sinki halina damu. Sijamwambia mama watoto kwamba ni kwa sababu ya mswaki. Namwambia nimeacha hasira.

Linaloniudhi ni vichwa. Hakuna aliyenitajia vichwa siku ile ya ukoo kuwa mabingwa. Walibishana kuhusu mpini. Kumbe mpini unanunua mara moja, kichwa unabadilisha kila miezi mitatu, maana nyuzi zake zinachanua na kupoteza nguvu. Boksi lilikuja na viwili. Nikaingia mjini kutafuta, duka la dawa hadi duka la dawa, dada wa kaunta ananisikiliza kwa huruma, ananiuliza, "Kichwa cha nini, baba?" Kariakoo vipo, njoo inbox. Na ukifika inbox kuna vya kizazi cha zamani na vya kizazi kipya, na vya kipya haviingii kwenye mpini wa zamani, ambao ulikuwa mpya Desemba. Ningeanza tena leo, mzunguko na mtetemo nisingeuliza kabisa. Ningeuliza duka gani hapa Moshi lina vichwa, na kama halipo, mjadala umefungwa, leta wa bluu.

Hivyo viwili vilivyokuja vina pete ndogo za rangi chini, kimoja njano kingine kijani, ili watu watumie mpini mmoja kila mtu na kichwa chake. Mama watoto aliligundua hilo kabla yangu. Akachukua cha kijani bila kuomba. Sasa asubuhi kuna foleni ya mpini, mwenye kazi ya serikali anatangulia, na mwenye kazi ya serikali si mimi.

Halafu kuna umeme wenyewe. Nimepiga hesabu, kwa sababu gizani mtu hupiga hesabu. Chaja hii inakula kama wati mbili. Nyumba ya Mungu, bwawa letu la hapo chini, lina megawati 8. Hilo peke yake linachaji miswaki milioni 4 kwa mpigo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115. Hilo linachaji zaidi ya bilioni moja, zaidi ya nusu ya watu wa Afrika, kila mtu mpini wake. Kwa hiyo umeme upo. Haupo kwangu. Juzi ulikatika jioni, ukalala, ukaamka haupo, na mswaki ukanifia mdomoni kwenye robo ya tatu, kwa sauti ya nzi anayechoka.

Kinyozi wa barabarani ana sola. Ukutani ameandika kwa chaki: simu 300, taa 300, betri ya redio 500. Nikamwekea mpini na kikombe chake mezani, kati ya mashine zake mbili za kunyolea.

"Shikamoo mzee. Hii ni nini?"

"Marahaba. Mswaki."

Akautazama, akatazama ubao. "Mswaki haumo."

"Uweke kwenye simu."

"Simu ni ya kuongea, mzee. Hiki kinaingia mdomoni." Akashusha sauti, mteja alikuwa kwenye kiti na shuka shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, anatusikiliza. "Na wateja wakikiona hapa wataniuliza nawanyolea nini."

Tulijadiliana mpaka mteja akaingilia kati na kuamua. Bei ya simu. Niulete umefungwa kwenye mfuko mweusi, niufuate kabla ya saa kumi na mbili jioni, kichwa kibaki nyumbani, na mtu yeyote akiuliza, ni mashine ya kuondoa makunyanzi.